Msanii Hajulikani: Watunzi Wetu na Msako wa Sauti Zao

Mhadhara wa umma uliotolewa Malava, Kaunti ya Kakamega



Nilitaka mhadhara huu utolewe Malava, kwa Wakabras, na sababu yake imo ndani ya boksi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika hifadhi moja ya sauti, nikitafuta nyimbo za litungu, ala yetu ya nyuzi. Nililetewa boksi la kadibodi lenye mkanda wa rili. Juu yake mtu alikuwa amepiga chapa maneno haya: wimbo wa litungu, Kabras, msanii hajulikani. Niliwashiwa mashine nikasikiliza. Dakika ya pili mpigaji alitua kidogo, akaacha nyuzi mbili tu zikiendelea kulia, akasema kwa Kikabras kilicho wazi kwamba yeye ni nani. Alitaja jina lake, jina la babake, ukoo wake na mto uliopita karibu na boma lao. Wimbo ulipokaribia mwisho alijitaja tena, kama mtu anayetia sahihi barua. Nililishika boksi nikalisoma upya. Hajulikani. Nikajiuliza: hajulikani na nani?

Niliomba karatasi ile ibadilishwe. Afisa aliyenihudumia alinisikiliza kwa heshima, kisha akanieleza kanuni: marekebisho yanahitaji chanzo kilichoandikwa. Nilimwambia chanzo kiko dakika ya pili. Akanijibu kuwa hiyo ni sauti, si chanzo. Nilirudi nyumbani na jibu hilo, na sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo.

Lakini kilichonifanya niandike mhadhara huu ni jambo la baadaye. Katika semina moja, msomi ninayemheshimu sana alisema kwamba Magharibi mwa Kenya kuna nyimbo tele, ila watunzi hakuna. Alifafanua: mtunzi ni mtu anayeandika kazi yake, ikakaa kwenye karatasi, mwingine akaipiga kama ilivyoandikwa. Sisi, alisema, tuna mapokeo. Wimbo wetu ni wa wote, kwa hiyo kumtafuta mwenyewe ni kazi ya bure. Wengi ukumbini waliitikia kwa kichwa. Kauli hiyo inaonekana kutusifu, kwamba sisi ni watu wa ujamaa tusiogombania mali. Ndiyo maana inapita bila kuulizwa swali. Leo nataka kuiuliza maswali, moja baada ya jingine, maana ina miguu mitatu na kila mguu unastahili kupimwa.

Mguu wa kwanza ni karatasi: asiyeandika nota si mtunzi, na aliyeandika yuko salama. Twende Marekani, ambako karatasi haikukosekana. Florence Price, mwanamke mweusi aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, alikuwa na elimu yote ya muziki wa klasiki ambayo mtu angeweza kuidai. Mwaka 1933 okestra kubwa ya Chicago, ikiongozwa na Frederick Stock, ilipiga simfoni yake ya kwanza. Hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amepata hilo kabla yake kwa okestra ya hadhi hiyo. Alifariki mwaka 1953, na baadaye jina lake likafifia. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba chakavu huko St. Anne, Illinois, ambayo zamani ilikuwa nyumba yake ya mapumziko, walikuta humo marundo ya karatasi. Zilikuwa kazi zake, pamoja na konseto mbili za fidla na simfoni ya nne. Hebu tafakarini, ndugu zangu. Simfoni nzima ilikaa chini ya paa linalovuja, nota zote mahali pake, na duniani hapakuwa na rekodi ambayo mtu angeweza kuiweka kwenye mashine aisikie. Kama karatasi ndiyo inayomfanya mtu awe mtunzi, basi Price alikuwa mtunzi miaka yote hiyo. Lakini karatasi haikumwokoa na usahaulifu.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwangu. Julius Eastman alikuwa mtunzi, mpiga piano na mwimbaji. Katika miaka ya 1980 alifukuzwa katika chumba chake New York, na nota zake nyingi zikapotea na vitu vyake. Alifariki Buffalo mwezi Mei 1990, na ilipita karibu miezi minane kabla gazeti halijatangaza kifo chake. Mwaka 1998 mtunzi mwenzake, Mary Jane Leach, alianza kutafuta kazi moja ya Eastman ya selo kumi. Nota hazikupatikana. Alichoanza kukipata ni kanda: moja kwa rafiki wa zamani, nyingine katika ghala la chuo. Mwaka 2005 zikatoka diski tatu za kazi za Eastman, na baadaye kazi ile ya selo kumi ikaandikwa upya, nota kwa nota, kwa kuisikiliza kutoka kwenye rekodi. Semina yetu ilifundishwa kwamba karatasi huzaa sauti. Hapa sauti ndiyo iliyozaa karatasi. Sijui kwa nini afisa wa hifadhi aamini kuwa sauti si chanzo, ilhali wanamuziki wa leo wanapiga kazi ya Eastman kwa sababu mtu aliiamini sauti.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki wapo walioandika nota kwa ustadi. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, kazi iliyofungamana na tukio la Roma la Oktoba 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu. Nawaomba walioko hapa na ambao wameisikia kazi hiyo wainue mikono. Naona mikono miwili, na mmoja ni wangu. Kyagambiddwa aliandika. Bado hatumsikii.

Kwa hiyo mguu wa kwanza umevunjika, nami nasonga mbele.

Mguu wa pili ni mabadiliko: wimbo wa kwetu hubadilika kila unapoimbwa, basi hauna mwenyewe. Hapa niruhusuni nimtaje mtu wa Kisa, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Jinsi gita lilivyofika Magharibi sitarudia kusimulia: askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, vibarua wa mijini, redio, na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga. John Low aliyapanga hayo vizuri katika makala yake ya mwaka 1982 na wanafunzi wangu wanayajua. Ninachotaka ni George Mukabi. Alizaliwa mwaka 1930, akauawa mwaka 1963, na katika umri huo mfupi aliukuza mtindo tunaouita omutibo. Kidole gumba kinashika besi bila kuchoka, kidole cha shahada kinachora wimbo juu yake, na pembeni kuna mtu na chupa ya Fanta, akiigonga na kuikwaruza penye mistari yake. Baada yake mtindo huo ulienda Bunyore kwa Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, wale Abana ba Nasery, ambao mwaka 1992 albamu yao ilitolewa Uingereza. Kila aliyeupokea aliubadilisha. Lakini mwambieni mpiga gita yeyote wa Butere apige kama Mukabi, kisha apige kama Tube. Atawapigieni vitu viwili tofauti, na atawaambia nani ni nani. Mtindo unaobadilika huku watu wakijua nani aliubadilisha, na wapi, ni historia ya watunzi, tena historia iliyotunzwa vizuri.

Nimewahi kusoma omutibo ukiitwa muziki wa jadi wa Waluhya. Kitu kilichozaliwa ndani ya umri wa wazee waliokaa mstari wa mbele hapa kimekuwaje cha jadi? Neno jadi hapo limefanya kazi ya kufuta. Limemfuta mtu aliyekuwa na jina, gita, watoto na deni dukani.

Tazameni pia wimbo wa Malaika. Fadhili William ndiye aliyeurekodi kwanza, Miriam Makeba akaubeba duniani, na hadi leo kuna wanaoshikilia kuwa ulitungwa na Adam Salim, na wengine Grant Charo. Msomi wangu anauona ubishi huo kama ushahidi kwamba wimbo hauna mwenyewe. Mimi nauona kinyume chake. Watu hawagombanii uzazi wa mtoto aliyejileta duniani mwenyewe. Na mwaka 1968, kundi la Uingereza la The Tremeloes lilipoimba Helule Helule, jina la mtunzi wake, Daudi Kabaka, lilichapishwa kwenye sahani yao. Lilichapishwa kwa sababu hapa kwetu lilikuwa limeshachapishwa.

Mguu wa tatu ndio mzito, kwa sababu umesimama juu ya maneno yetu wenyewe. Msomi anasema: waulizeni wanakijiji, watawaambia wimbo ni wa wazee. Ni kweli, watasema hivyo. Mimi mwenyewe nimeambiwa hivyo mara nyingi, kutoka Shirugu hadi Chimuche. Lakini mtu aliyelelewa hapa anajua maana yake. Kijana hasimami mbele ya baba zake akasema, hiki nimekibuni mimi. Atasema nimekipata kwa wazee, kama vile mwenyeji anavyosema chakula ni kidogo wakati meza imejaa. Hiyo ni adabu. Msikilizeni mtu huyohuyo akishika litungu: anajitaja, anamtaja babake, anaitaja ng'ambo ya mto alikotoka. Adabu ya maongezi inaficha jina, na ufundi wa wimbo unalitoa. Msomi alisikia maongezi akaondoka kabla wimbo haujaanza.

Sasa niwe mwadilifu. Zipo kazi ambazo mtunzi wake hawezi kupatikana. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ikaitaja kuwa ya jamii hizo. Ni sawa. Hakuna anayeweza kutuambia ni mkono gani uliopiga kwanza ngoma zile tatu, ile ya baba, ya mama na ya mtoto, zikajibizana. Nyimbo za tohara nazo zimepita katika vinywa vya marika mengi mno. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inampa ulinzi mwenye haki ambaye ni jamii nzima. Naiunga mkono, maana bila hiyo mgeni yeyote angechota bure. Hata wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Waliokaa kuupanga mwaka 1963 walikuwa watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mama wa kwanza wa Tana aliyemwimbia mwanawe sauti ile hatumpati tena. Hata hivyo tunalo jina la Mzee Meza Moroa Galana, aliyehusishwa na wimbo huo ulipochukuliwa, kwa sababu kuna waliokataa kulisahau.

Nimeyapima hayo yote, na bado nasimama niliposimama. Mtunzi wa isukuti ametuponyoka, hakukosekana. Hakuna wimbo uliojitunga. Pale tunapoandika hajulikani, tuwe na hakika kwamba tumeuliza, tena tumeuliza kwa lugha ya aliyeimba.

Sasa niingie katika msako wenyewe, na nianze na chanzo ninachokipenda kuliko vyote.

Baba yangu mdogo alikuwa na gramafoni hapa Malava. Alikuwa pia na sahani tisa za santuri, zile nzito za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa utomvu mkavu wa wadudu wa India. Kila upande ulibeba dakika tatu hivi za wimbo. Watoto hatukuruhusiwa kuzigusa, lakini tuliruhusiwa kuzisoma. Nawaambieni ukweli: nilijifunza kusoma kwenye lebo, ile karatasi ya duara katikati ya sahani, kabla sijashika kitabu. Ilikuwa na jina la kampuni kwa herufi kubwa, chini yake jina la wimbo, kisha jina la mwimbaji, na mara nyingi lugha aliyoimbia. Pembeni palikuwa na nambari. Na ukiinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha, ungeona nambari nyingine imechorwa kwenye utomvu wenyewe, katika ule mduara mtupu kati ya mwisho wa wimbo na karatasi. Lebo inaweza kubanduka au kuliwa na mende. Nambari ile ya kuchora haitoki mpaka sahani isagike. Inamwambia anayejua kuisoma kwamba pande hizi mbili zilirekodiwa pamoja, na kwamba sahani hii inatangulia ile. Hifadhi nyingi nilizotembelea zina kadi zilizoandikwa na watu ambao hawakuwahi kumwona mwimbaji. Lebo iliandikwa na mtu aliyemlipa.

Moja ya sahani hizo ilikuwa ya Mukabi. Siku ya matanga ya babu ilianguka ikapasuka vipande vitatu. Lakini haikutawanyika, kwa sababu lebo za pande zote mbili zilishikilia vipande pamoja katikati. Baba mdogo aliifunga kwa gazeti akaiweka mvunguni mwa kitanda. Ilikaa huko miaka zaidi ya thelathini. Nilipoifungua, haikuweza tena kupigwa, ila nambari zote zilisomeka. Nilizinakili, nikatembea nazo mfukoni kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea kwa alama ya sikio. Niliuliza Kakamega, Mumias, Kisumu. Mwishowe fundi mmoja wa redio huko Webuye alinifungulia sanduku la vyuma, na chini ya transfoma zilizoungua kulikuwa na sahani nzima yenye nambari zilezile. Tuliipiga jioni hiyo. Nilisikia upande wa pili, ambao baba mdogo hakuwa akituwekea, nikaelewa kwa nini alikuwa akiupiga peke yake usiku.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumeimba methali hii shuleni bila kuitii.

Wengine wameinama kabla yetu. Hugh Tracey alirekodi muziki Kenya kuanzia mwaka 1950, na hifadhi aliyoianzisha mwaka 1954 sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Huko Kapkatet alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, jina ambalo wao walilifinyanga kutokana na la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Lakini Tracey aliandika pia jina la aliyeongoza wimbo, Chemutoi Ketienya. Mwaka 2014 Diane Thram wa hifadhi hiyo, akisaidiwa na Tabu Osusa wa Ketebul Music, alizirudisha rekodi kadhaa kwenye jamii zilikotoka, Kenya na Uganda. Kazi ya namna hiyo huwezekana pale kadi inapokuwa na jina na mahali, maana mtu hujua abishe mlango gani. Kadi iliyoandikwa hajulikani haina mlango wa kubishwa.

Na saa inakwenda. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mtunzi wa muziki hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mukabi alifariki mwaka 1963, kwa hiyo hesabu yake ilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2013. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Marekani, Olvido Records, ilitoa santuri ya nyimbo zake, nami nawashukuru waliohangaika kuzipata. Lakini mwanafunzi wa Kisa anayetaka kumsikia mtu wa Kisa akiwa kwenye santuri hiyo ataiagiza ng'ambo ya bahari. Siwalaumu waliokusanya. Nauliza sisi tulikuwa wapi katika ile miaka 50, wakati haki ilikuwa bado hai na wajane bado wanaishi.

Ombi langu kwa Malava ni la kazi ya mikono. Nyuma ya ukumbi kuna meza na daftari. Yeyote mwenye sahani, kaseti au mkanda darini, mvunguni au stooni, aje aandike kilichoandikwa kwenye lebo kama kilivyo, pamoja na nambari ya kuchora. Msisafishe sahani kwa mafuta ya taa, na msizipange moja juu ya nyingine zikilala. Zisimame wima, mbali na jiko. Asiye na sahani lakini anakumbuka nani alitunga wimbo gani, aandike hilo, aweke na jina lake yeye aliyekumbuka. Wanafunzi wa hapa wanaokijua Kikabras watakaa wasikilize kanda zote tulizopata nakala, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuandika kila jina linalotajwa ndani ya wimbo. Hilo ndilo daftari nitakalolipeleka hifadhini. Wamedai chanzo kilichoandikwa, na tutawaandikia.

Nimalizie na boksi nililoanza nalo. Kwa kuufuata ukoo na mto aliouimba, niliifikia familia ya mpigaji yule wa litungu, upande ule wa msitu wa Malava. Mwenyewe alishafariki. Binti yake alikuwa mdogo mkanda uliporekodiwa, na hakujua kwamba sauti ya babake ipo popote. Familia imeniomba jina lisichapishwe mpaka wao wenyewe watakapolisikia kutoka kinywani mwake, kwa kuwa wao ndio wenye haki ya kwanza kulisikia. Nimekubali. Ndiyo maana katika maneno yangu yote ya leo hamkulisikia.

Mama huyo amekaa mstari wa pili, na wajukuu wake wako naye. Mashine iko tayari, na mkanda umewekwa mwanzo wa wimbo. Dakika ya kwanza ni nyuzi tupu. Nawaomba tunyamaze tuingie dakika ya pili, kisha Mama ndiye atakayekwenda pale mezani kuandika mstari wa kwanza wa daftari.